Kupima unyevu wa mbao bila kuacha hata tundu moja

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza meza ya mkutano ya mkongo, mteja yuko Dodoma, mbao nimenunua Dar. Muuzaji kaniambia "hii kavu bosi, imekaa mwaka mzima hapa", mimi nikaigonga na konzi, ikalia vizuri, nikanusa, nikaridhika, nikalipa. Meza ikatoka safi kabisa. Mwezi wa nne napigiwa simu, fundi njoo uone kazi yako. Nimefika nakuta ufa katikati ya meza unaingiza sarafu ya mia mbili kwa ubapa. Ofisi ina AC inawaka toka asubuhi mpaka jioni, fremu ni ya chuma, na skrubu nilizikaza mwenyewe mpaka mkono ukauma. Niliirudia kazi kwa pesa yangu.

Basi nikanunua mita ya unyevu, ile ya sindano mbili unayoichomeka kwenye ubao. Inafanya kazi, siisemi vibaya, ila ina shida moja ambayo hakuna anayekwambia unapoinunua: inaacha matundu. Kwenye mbao ghafi unayoenda kuipiga randa sio tatizo, lakini nenda kwa muuzaji uanze kumdunga mninga wake wa futi 12 uone kama hujafukuzwa. Na kazi iliyokwisha pigwa vanishi ndo usiseme. Kwa hiyo hapa naeleza njia ninazotumia sasa hivi ambazo hazitoboi kitu, na kila moja inadanganya wapi, maana zote zinadanganya mahali fulani.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Ukisikia ubao una unyevu wa asilimia 15 maana yake ni uzito wa maji ukilinganisha na uzito wa mti mkavu kabisa, sio ukilinganisha na ubao mzima. Ndo maana mti uliotoka kuangushwa unaweza kuwa na unyevu hata zaidi ya asilimia 100 na hesabu haijakosewa. Mbao inaposhuka kutoka huko juu mpaka kwenye 30 hivi hakuna kinachobadilika kwa umbo, yanatoka tu maji yaliyojaa kwenye vijitundu vyake. Kuanzia hapo kwenye 30 au 28 kushuka chini ndo inaanza kusinyaa, na inasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hakuna kitu. Meza ya paini yenye upana wa sentimita 90 ikishuka asilimia 4 tu inaweza kupungua milimita 6 mpaka 9. Sasa kama umeikaza na chuma kisichosinyaa, lazima ipasukie mahali.

Hatua ya kwanza sio kupima mbao, ni kupima chumba

Wengi wanaruka hapa, na mimi niliruka. Mbao haina namba yake ya "kavu". Inakunywa na kutoa maji mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka, kwa hiyo swali ni kavu kwa wapi? Nunua kile kisaa kidogo cha kupima unyevu wa hewa, haigromita, bei yake haizidi ya chipsi kuku, kiweke kwenye chumba ambako kazi itaishi, mwambie mteja akupigie picha asubuhi, mchana na jioni kwa siku kadhaa.

Kwenye joto letu la nyuzi 25 mpaka 30 hesabu inakwenda hivi: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao itatulia kwenye kama asilimia 16. Hewa ya 75 mbao 14. Hewa ya 65 mbao kama 12. Hewa ya 50 mbao 9. Hewa ya 40 mbao 7 na nusu. Andika hiyo ukutani kwa karakana, utaitumia mara mbili kwenye mwongozo huu.

Ukiangalia hapo utajua kwa nini Dar ni Dar na Dodoma ni Dodoma. Banda la wazi Keko, hapa Dar, hasa masika, hewa ina maji mengi mno, mbao ikikaa hapo hata miaka mitano haitafika 9, haiwezi, hewa yenyewe hairuhusu. Huyo muuzaji wangu hakunidanganya bana, mkongo wake ulikuwa mkavu kwa Dar, sio kwa ofisi ya AC ya Dodoma.

Kabla hujakiamini hicho kisaa kipime na chumvi. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya kawaida, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke yote. Weka kizibo na kisaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, funga, acha kivulini toka jioni mpaka asubuhi. Hewa ndani ya kopo itakuwa 75, hiyo ni tabia ya chumvi na haibadiliki. Kisaa kikisoma 70 basi kila siku ongeza 5 kwenye kinachosoma. Changu kilikuwa kinasoma 81, nilikaa nacho miezi nikifikiri karakana yangu inavuja.

Mita isiyo na sindano

Hii ndo ya kwenda nayo dukani. Ina bamba chini, unailaza juu ya ubao, inapeleka mawimbi hafifu ya umeme ndani ya mti na kusoma yanavyobadilika, maana maji yanayabadilisha kuliko mti wenyewe. Haigusi kitu zaidi ya uso wa ubao. Nyingi zinasoma kwenda chini kama milimita 19, na baadhi zina batani ya kusoma juu juu tu, milimita 6 hivi.

Sasa shida. Mita haioni maji peke yake, inaona maji pamoja na uzito wa mti. Mti mzito unaonekana kama una maji mengi. Ukiiweka kwenye paini ya Sao Hill, lile shamba la miti la Mafinga, halafu kwenye mkongo, zote mbili zikiwa zimekaa banda moja mwaka mzima, mkongo utasoma juu zaidi wakati unyevu ni uleule. Mpingo ndo kabisa, mti unaozama majini, mita inapagawa. Kwa hiyo mita ya maana ina sehemu ya kuweka uzito wa mti, namba kama 0.4, 0.5, 0.6, na kijitabu chake kina orodha ya miti. Miti yenyewe ya Ulaya na Marekani, mninga hutauona, mvule ukibahatika.

Usikisie. Pima mwenyewe, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua kipande kilichobaki cha mti huohuo kilichokatwa mraba vizuri, pima urefu, upana na unene kwa sentimita, zidisha. Kipande changu cha mninga kilikuwa 30 kwa 10 kwa 2.5, sawa na 750. Kiweke kwenye mzani wa jikoni, kikaleta gramu 510. Humo ndani kuna maji, kwa hiyo yatoe kwa makadirio, kama unahisi ni asilimia 13 gawanya 510 kwa 1.13 unapata 451. Gawa kwa 750 ni 0.60. Hiyo ndo unaweka kwenye mita. Makadirio yakikosea asilimia mbili tatu, hiyo 0.60 itasogea kidogo sana, usijali. Vijitabu vingine vinataka uzito wa mti ukiwa na unyevu wa 12 badala ya mkavu kabisa, soma cha kwako kabla hujabonyeza.

Kama mita yako ni ya bei rahisi haina hiyo sehemu, bado ina kazi, ila itumie kulinganisha tu. Usimwambie mteja "ni 12", sema huu ubao unazidi ule.

Namna ya kusoma yenyewe, na hapa ndo watu wanaharibu:

Ubao uwe hewani. Usiulaze juu ya meza ya chuma au juu ya rundo la mbao nyingine, kama ubao ni wa nusu inchi mita inapita inasoma cha chini yake. Ulaze juu ya farasi wawili, yale matrestle ya fundi ya kulazia mbao, chini pabaki wazi. Ukitaka kuamini jaribu mwenyewe, soma ubao mwembamba ukiwa hewani halafu weka bati chini yake usome tena.

Uso uwe bapa. Mbao ya chenso yenye mawimbi ya msumeno inaacha hewa chini ya bamba, mita inasoma chini kuliko ukweli, unafurahi bure. Tafuta sehemu laini, au muombe muuzaji upitishe randa mara mbili tu, wengi wanakubali hilo hata kama sindano walikataa. Bonyeza kwa nguvu ileile kila mara, na vidole vyako vikae mbali na bamba kwa sababu mkono una maji kuliko ubao wowote.

Kaa mbali na ncha. Maji yanatoka haraka sana kupitia ncha za ubao, mara nyingi zaidi kuliko kupitia ubavu, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha ncha imekauka hajakuonyesha kitu. Soma kuanzia futi moja na kitu kutoka ncha, sehemu tatu au nne kwa kila ubao, halafu ugeuze usome na upande wa pili. Kwepa fundo, kwepa misumari, na kama ubao una kiini na ile sehemu nyeupe ya pembeni soma kila mmoja peke yake.

Ukiwa umenyeshewa usisome leo. Umande tu wa asubuhi unatosha kupandisha namba, futa, acha kivulini mpaka kesho. Na kwa ubao mnene wa inchi mbili kumbuka kwamba mita haifiki katikati. Kama una batani mbili, soma juu juu halafu soma ndani, ikiwa juu ni 12 na ndani ni 17 ubao umekauka ngozi tu, ukiupasua utajikunja mbele ya macho yako. Kama una batani moja hapo mita haina jibu, nenda kwenye mzani.

Andika namba kwenye ubao wenyewe kwa chaki. Ukimaliza mbao nane unakuta 13, 12, 14, 13, 19, 13, 12, 14. Hapo huhitaji kujua kama mita yako ni sahihi au la, ule wa 19 una tatizo lake, uweke pembeni. Mbao unazounganisha kwa gundi zisipishane zaidi ya asilimia 2, na hiyo hata mita ya bei rahisi inakwambia. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, chukua namba kwa tahadhari kubwa, chumvi za metali zilizomo zinachanganya sana mita za sindano na hizi za bamba pia haziko salama.

Mzani, mambo yote yako hapa

Mita nimeinunua kwa pesa ndefu lakini siku hizi ninaamini mzani wa kupimia mabegi ya safari, ule wa kuning'iniza unaosoma mpaka kilo 50 kwa hatua za gramu 10. Maji yana uzito. Ubao ukipungua uzito, maji yametoka, hakuna aina ya mti wala uso wa ubao unaoweza kubishana na hilo.

Njia rahisi: chagua ubao mmoja kwenye rundo lako, usiwe mzuri kuliko wenzake wala mbaya, uandike "PIMA" kwa rangi, ufunge kamba sehemu ileile kila mara, upime kila Jumamosi na uandike. Ukishuka kila wiki bado unakauka. Ukisimama wiki mbili tatu umelingana na hewa ya hapo, na kisaa chako kinakwambia hewa ya hapo ni ngapi, rudi kwenye hesabu ya ukutani. Umemaliza, hujatoboa kitu.

Ukitaka namba kamili lazima ujue uzito wa mti mkavu, na kwa hilo kuna kipande kidogo kitakufa, ila ni kipande ambacho kilikuwa kinakwenda kwenye jiko hata hivyo. Siku unayoukata ubao mrefu katikati ili upate vipande viwili vya kazi, kata hapohapo kipande chembamba cha inchi moja, upana mzima wa ubao. Kisitoke kwenye ncha. Kipime dakika hiyohiyo, usiseme nikinywa chai kwanza, kipande chembamba kinapoteza maji haraka. Halafu kiweke kwenye oveni, nyuzi 103 ndo inayotumika maabara, ya nyumbani ukiiweka kati ya 100 na 105 inatosha, usiku mzima mpaka kesho yake, saa 24 hivi. Kitoe, pima, rudisha kwa muda wa saa mbili, pima tena, uzito usipobadilika ndo mkavu. Sio jiko la mkaa, sio juani. Na kama ni paini omba ruhusa kwa mwenye jiko, harufu ya utomvu inakaa kwenye oveni na keki ya Jumapili itaonja Mafinga.

Meza ya pili ya Dodoma nilifanya hivyo. Kipande cha mkongo kikaanza gramu 108 kikamalizia 93. Tofauti 15, gawa kwa 93, zidisha 100, ni asilimia 16 na pointi moja. Ubao uliobaki, wa inchi moja kwa nane, futi 7, nikaupima siku ileile ukaleta kilo 9.30. Gawa 9.30 kwa 1.161 unapata kama kilo 8. Hizo 8 ndo mti mtupu bila maji. Kuanzia hapo kila kitu ni rahisi: nikitaka asilimia 10 ubao lazima ufike kilo 8.80, nikitaka 12 ni 8.96. Nimeandika 8.80 kwenye ubao kwa chaki nyekundu nikasubiri.

Nailoni, kwa asiyekuwa na mita

Hii ni ya mtu mwenye kisaa tu. Weka kisaa kilichopimwa na chumvi juu ya ubao, zungushia nailoni nzito sehemu hiyo yote, ubao na kisaa ndani, ziba na selotepu kila upande hewa isipite, acha kivulini ambapo joto halipandi na kushuka. Hewa kidogo iliyomo ndani italingana na mbao badala ya mbao kulingana nayo. Baada ya siku moja au mbili soma kupitia nailoni. Kikisema 75 mbao iko kwenye 14. Ukikuta matone ya maji kwa ndani, funga mjadala, hiyo bado ni mbichi. Njia hii inasoma zaidi ngozi ya ubao kuliko kiini, kwa mbao nene iache siku tatu nne.

Mlango wa nakshi na vitu vya thamani

Niliwahi kuulizwa kuhusu mlango wa zamani wa Zanzibar, wa mtiki, wenye vifungo vya shaba, mwenyewe anataka kujua kwa nini chini unaoza. Huwezi kuudunga sindano, huwezi kuung'oa ukaupime uzito. Hapo mita ya bamba inatumika kwa kuchora ramani tu. Nenda upande wa nyuma ambao ni bapa, mbele nakshi haiguswi vizuri na bamba na shaba inaivuruga mita. Bandika vipande vya tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi isiyong'oa ngozi, kila baada ya futi moja kutoka juu mpaka chini, soma pembeni ya kila kimoja na uandike namba kwenye tepu, sio kwenye mlango. Usitafute asilimia ya kweli, chumvi ya bahari iliyoingia miaka mingi inaweza kuwa imeshavuruga namba. Tafuta umbo. Juu 13, 13, 14, halafu futi mbili za chini 18, 22, basi maji yanapanda kutoka kizingiti au sakafu na kupaka vanishi nyingine hakutasaidia. Rudia msimu wa kiangazi kwenye tepu zilezile.

Ukikuta bado mbichi

Panga mbao na fito kavu za inchi moja katikati, kila futi moja na nusu mpaka mbili, fito zikae mstari mmoja kwenda juu, ncha za mbao zipake rangi yoyote ya mafuta iliyobaki ili zisikimbie kukauka na kupasuka, juu paezekwe, pembeni pawe wazi.

Ule mkongo wangu ulishuka vizuri wiki za kwanza, 9.30, 9.22, 9.15, halafu ukagoma kwenye 9.05 wiki tatu mfululizo. Ndo hewa ya Dar hiyo, asilimia 13, ningeweza kusubiri mpaka nistaafu. Nikaongea na jamaa mwenye ofisi yenye AC, akanipa kona nyuma ya kabati, nikasimamisha mbao zote pale na mzani wangu, wafanyakazi wake wakawa wananicheka kila Jumamosi. Wiki ya tano ikasoma 8.81. Nikaunganisha, nikakaza kwenye fremu ileile ya chuma, ila safari hii matundu ya skrubu nimeyatoboa marefu kwa upande wa upana wa meza ili mbao ikitaka kusogea isogee, na washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, chini ya kila skrubu.